Mkono Uliotoka Chini ya Pazia

9 Februari

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Nakuandikia vidole vikinuka dawa ya picha, kwa hiyo ukiona doa usiseme nimekula juu ya barua. Mimi mzima. Kikohozi kimeniacha. Chumba changu bado kinavuja pale pale juu ya kabati, na mwenye nyumba bado anasema siyo mvua, ni jasho la bati. Mama hajambo? Mwambie sweta limefika na limenitosha, ila mkono mmoja umekuwa mrefu kuliko mwenzake. Navaa hivyo hivyo.

Sasa kazi. Unamkumbuka yule mpiga picha wa zamani wa mjini kwenu, aliyekuwa na duka karibu na posta? Alifariki, na watoto wake wametuletea masanduku yake hapa kwenye nyumba ya kumbukumbu. Ni vioo, Bibi, siyo filamu. Vioo zaidi ya elfu moja, kila kimoja kimezungushiwa gazeti. Navipangusa vumbi kwa brashi laini, navichapa kwenye karatasi, halafu naandika maneno machache ya kubandika chini ya kila picha. Mwanzoni mwa Julai tunafungua maonyesho. Mkuu wetu anataka picha za ajabu tu, zile ambazo mtu akishazipita anarudi kinyumenyume kuzitazama tena.

Ninazo. Kuna timu ya mpira ya watu kumi na mmoja, lakini ukihesabu vichwa ni kumi na viwili. Kipa yuko mwanzo wa mstari na yuko mwisho wa mstari. Kamera ilikuwa inageuka polepole, naye akapita mbio nyuma ya wenzake akaiwahi upande wa pili. Kuna bwana harusi amesimama na bibi harusi aliyechorwa kwa brashi, kwa sababu mwenyewe siku hiyo hakutokea.

Na kuna hii ninayokutumia. Mtoto wa miezi kama sita amekaa juu ya kitu kilichofunikwa pazia zito. Ungedhani ni kiti, lakini kiti gani kina mabega? Chini ya pazia umetoka mkono wa mtu, umemshika mtoto kiunoni. Wenzangu wananieleza kwamba kamera yake ya kizamani ilichukua muda, na mtoto hatulii, basi alimfunika mama mtu, akawa kiti, akashika mtoto. Kila anayeiona anacheka kwanza, halafu anaisogelea.

Pembeni amesimama mwanamume. Nimeilinganisha na ile picha ya kitambulisho uliyonipa. Ni Babu, Bibi. Kwa hiyo mtoto ni mama yangu. Mkono ule una kovu la pembetatu kwenye kifundo. Nimelitazama kwa kioo cha kukuzia, ni kama lako. Lakini lako liko mkono wa kushoto, na huu ni wa kulia.

Ni mkono wa nani? Nataka kuandika ukweli chini yake.

Nimekuwekea na shuka jipya. Lile la zamani limebaki matundu.

Mjukuu wako


2 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, goti ndilo lenye mambo. Asubuhi linataka kubembelezwa kama mkwe. Mama yako mzima, anakusalimu, anasema aliyeona mikono ya sweta haifanani afume la kwake. Paka amezaa ndani ya kapu la nguo safi. Vitoto vinne, na kimoja ni kipofu na ndicho chenye kelele.

Barua hii anaiandika fundi cherehani wa mlango wa pili. Unajua mimi kalamu naishika kama mwiko. Mama yako nimemficha, na wewe ukiandika usimtajie. Fundi kaapa kwa cherehani yake kwamba neno halitoki, na mimi namwamini kwa sababu mdomo wake kwa kawaida umejaa pini.

Picha nimeiona. Mume wetu alikuwa kijana. Nilikuwa nimesahau kwamba shingo yake ilikuwa ndefu hivyo. Nimeitazama mara moja nikaiweka chini ya godoro, na huko itakaa. Kuhusu mkono sina la kusema. Mikono duniani ni mingi.

Andika ya yule kipa, huyo amenichekesha.

Shuka nimepokea, asante. Sijalikunjua. Limekunjwa mara tatu kwa urefu, mara mbili kwa upana, na pembe ya mwisho imeingizwa ndani kama bahasha. Mama yangu mzazi alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali nzima, na mkunjo huo aliubuni mwenyewe ili yasifumuke mkokoteni ukirukaruka. Alifundisha watu wawili. Mmoja ni mimi. Mama yako nilimfundisha hakushika, na wewe hata leso unaikunja kama unaficha kitu.

Ni nani aliyekunja shuka hili?

Bibi yako


20 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo, na pole ya goti. Likandwe kwa maji ya moto, na usiende kisimani mwenyewe, mama yupo. Hapa joto limezidi. Chumba cha vioo hakina dirisha, na tunafanya kazi na feni moja ambayo mkuu wetu ameielekeza kwake. Hilo paka kipofu nimelipenda, mniwekee.

Shuka nililipeleka kwa dobi kabla ya kukutumia, ili lisinuke duka. Watakuwa wamelikunja wao.

Bibi, tafadhali, ule mkono. Mkuu wetu amependa picha hiyo kuliko zote. Anataka iwe ukutani, mlangoni kabisa, kubwa kama meza. Ukikaa kimya itaandikwa "Mama asiyejulikana". Sitaki mtu wa nyumbani kwetu aitwe asiyejulikana.

Mjukuu wako


8 Aprili

Mjukuu wangu,

Salamu nimezipokea. Mama yako mzima. Paka wazima. Fundi hajambo. Goti liache.

Nimekusoma, yaani nimesomewa, mara tatu. "Watakuwa wamelikunja wao." Wao nani? Mtoto wewe huna ufundi wa kudanganya, ulikuwa hata ukiiba sukari unakuja na midomo inang'aa. Umemwona yule. Yule ninayejua mimi. Yuko huko, na wewe unaingia kwake na kutoka, na mimi hapa nahesabu siku za barua kama mgonjwa anayehesabu vidonge.

Basi nitakueleza kuhusu mkono, na nikimaliza unitolee jibu.

Nilikuwa na mdogo wangu mmoja. Tulipiga pasi meza moja tangu hatujafika kimo cha meza, tumepanda juu ya makreti. Siku moja pasi ya mkaa iliyokuwa katikati yetu iliteleza. Mimi nilikuwa nimesimama kulia kwake, ikaniunguza kushoto. Yeye ikamuunguza kulia. Pasi moja, kovu moja, limegawanywa. Mama alitupaka dawa ya kuungua huku akitutukana wote wawili kwa zamu, asije mmoja akajiona amependelewa.

Nilipoolewa na kujifungua nilimwita aje kunisaidia. Ana miaka kumi na saba, kiuno kama cha nyigu, anacheka hata mlango ukilia. Mume wetu, ambaye kumtoa neno mdomoni ilikuwa kama kung'oa msumari, akimsikia anacheka na yeye anacheka. Mimi nina maziwa kifuani, nina usingizi, nina nywele sijazichana siku nne. Niliona. Nilikuwa naona kila kitu.

Mtoto alipofika miezi sita mume wetu akasema twende tukapige picha. Nikavaa gauni langu la samawati. Nikachana nywele nusu ya asubuhi. Tumefika, mpiga picha ananiambia: "Mama, wewe kaa hapa umshike mtoto, nitakufunika." Nikamwuliza: "Unifunike nimekufa?" Akasema ndivyo wanavyofanya, mtoto akicheza picha inaharibika. Akanitupia pazia lililonuka panya. Nikawa gizani na gauni langu la samawati. Nikashika mtoto, nikashika pumzi, yeye anahesabu mpaka nane. Baada ya wiki mume wetu akarudi mikono mitupu. Akasema: "Mtoto alicheza, picha imeharibika." Nikaamini.

Mwezi ukapita. Siku moja natoka sokoni, nawaona wawili wanatoka dukani kwa yule mpiga picha. Mume wetu na mdogo wangu. Wanacheka. Waliponiona walikatika kicheko kama waliokatwa kwa mkasi.

Sikuuliza. Nilifika nyumbani nikautoa mzigo wake mpaka barabarani. Alijaribu kusema, nikamwambia rudi kwa mama, na nikisikia sauti yako tena nitakuunguza upande wa pili. Imepita miaka hamsini na mbili.

Sasa wewe unaniletea picha. Haijaharibika. Mtoto ametulia kabisa, macho yametoka kama vifungo. Na mkono uliomshika ni wa kulia, una kovu. Sina haja ya kusoma shule kuielewa hiyo. Walirudi, wakapiga nyingine, mwanangu mimi akapakatwa na yule, na mume wangu amesimama pembeni na shati nililolipiga pasi mimi.

Miaka yote hii nilikuwa na sehemu ndogo moyoni inayosema labda nilimwonea. Sasa umeifunga hiyo sehemu, asante.

Kioo hicho kivunje. Kikidondoka kwa bahati mbaya nani atajua? Na uchague. Kwake usiende tena, au kwangu usiandike tena. Hatutakugawana kama ile pasi.

Bibi yako

Mimi fundi naongeza kwa idhini yangu mwenyewe: nimemwambia maneno haya ni makali. Amesema niyaandike kwa wino mweusi zaidi.


30 Aprili

Mjukuu wangu,

Posta nimetuma mtu mara tatu. Yule karani sasa akimwona kwa mbali anatikisa kichwa kabla hajaulizwa. Mama yako ameuliza kwa nini sili vizuri, nikamwambia meno. Ameniletea dawa ya meno.

Kama umechagua kwake, sema. Usininyamazie. Mtu anayeninyamazia nimeshazika mmoja.

Bibi yako


11 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimekaa na karatasi hii siku nyingi. Kila nilipoanza niliona uso wako, nikaacha. Nisamehe kwa ukimya. Mimi mzima, mama ameniandikia kwamba una meno mabaya, nikajua ni mimi.

Nitasema yote. Mwezi wa kumi na moja nilipeleka mapazia ya ofisi kwa dobi wa mtaa wa nyuma. Bibi mmoja aliyekuwa anapiga pasi aliiacha pasi juu ya nguo ikaanza kutoa moshi, ananitazama tu. Halafu akanisogelea uso kwa uso, akasema: "Pua hiyo naijua. Dada yangu hajambo?" Hakuuliza jina langu kwanza. Aliuliza wewe.

Tangu hapo naenda Jumapili. Nilikuficha kwa sababu nyumbani akitajwa unatoka chumbani. Anaishi chumba kimoja nyuma ya pale pale anapofanyia kazi. Hakuzaa. Macho yake yameingia ukungu, shati anapiga pasi kwa kulipapasa. Ndiyo, shuka alilikunja yeye. Nilimwambia ni lako. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena, mpaka wateja wakaanza kulalamika.

Nilimwonyesha picha, akaisogeza puani. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwuliza, mkono ni wako? Akasema: "Mwulize dada. Mimi nilitaka kujieleza siku ile, mzigo wangu ukatangulia barabarani. Sijielezi kwa mtu mwingine. Siku dada akiniuliza mwenyewe, nitajibu."

Basi. Hajaniambia zaidi, na nimemsumbua sana.

Kioo sitakivunja, Bibi. Hata ukinikasirikia. Ndicho kitu pekee duniani chenye shingo ya Babu namna ile. Wala sitachagua. Wewe ulinifundisha kwamba ukivuta shuka peke yako linachanika.

Mke mwenzako, hata ukikataa


2 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mama yako mzima. Lile paka kipofu sasa linakamata panya kuliko wenzake, wenye macho wanakaa wanalitazama.

Barua yako iliponifikia nilipanda hasira mpaka masikio. Nikasema nitamwonyesha fundi hiyo picha, aone kwa macho yake nilivyofanyiwa, maana yeye muda wote huu alikuwa ananiandikia tu bila kuiona, na alishaanza kunitazama kama mimi ndiye mwenye kosa. Nikaitoa chini ya godoro. Nikamwambia: "Tazama. Huyo mume wangu, huyo mwanangu, na huo mkono wa mdogo wangu. Sema bado ni mkali mimi."

Fundi akatoa pini zote mdomoni, akazichomeka kifuani moja moja. Akaipeleka picha dirishani. Akakaa nayo. Mimi nangoja anionee uchungu. Anageuka ananiuliza:

"Mama, kwani marehemu alikuwa anavaa blauzi?"

Nikamwambia mshikie adabu marehemu.

Akasema: "Sifanyi mzaha. Nimeshona mashati miaka thelathini. Shati la kiume vifungo vinakaa mkono wake wa kulia, la kike kushoto. Hili limefungwa kike. Na mfuko, mama. Mfuko wa mwanamume unakaa kushoto, juu ya moyo. Huyu mfuko wake uko kulia. Fundi anaweza kukosea vifungo au akakosea mfuko. Vyote viwili kwa shati moja? Huyo angefukuzwa siku hiyo hiyo."

Mjukuu wangu, nilikaa juu ya kitanda.

Shati lile nililipiga pasi mimi asubuhi ile. Nilikuwa na haraka, nikaliunguza kidogo chini ya mfuko, alama kama ukucha. Nikamwambia asimame alama isionekane, akaniambia nitaweka mkono kifuani kama ninakula kiapo. Kifuani, pale kwenye moyo. Mfuko ulikuwa kushoto. Nimemtazama kwenye picha, kweli ameweka mkono pale, lakini upande siyo.

Mwezi wa pili mpaka leo nimeitazama picha hiyo mara ngapi? Kila usiku naitoa. Nilikudanganya niliposema mara moja. Na sijawahi kumtazama mume wangu hata shati. Nilitazama mkono tu.

Fundi anasema picha imegeuzwa, kama nguo iliyovaliwa ndani nje. Mimi sijui mambo ya vioo. Wewe ndiye unayevichapa. Nenda ukatazame, halafu uniambie kama ulivyoona, usinipake mafuta.

Na jingine. Hili fundi nimemwambia aandike polepole. Nenda kwa yule. Mwambie dada anauliza. Mwambie hivyo: dada mwenyewe anauliza, siku ile mlikuwa mnacheka nini?

Bibi yako


13 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimesimama, siwezi kukaa.

Kosa ni langu. Kioo kina upande mmoja wenye dawa iliyoshika picha, na upande mwingine mtupu. Ule wenye dawa ndio unaolalia karatasi. Siku ile nilichapa vioo sitini, feni imeelekezwa kwa mkuu, jasho machoni, nikakilaza kinyume. Kila kitu kikahama upande. Hata kibao cha duka nyuma ya Babu, ambacho kimefifia sana, leo nimekitazama na herufi zake zinakwenda nyuma. Nimechapa upya, naiweka humu. Mkono ni wa kushoto, Bibi. Kovu liko kushoto.

Ni wewe.

Nilikwenda kwa Bibi mdogo siku hiyo hiyo. Nilimkuta anakunja. Nikamwambia, dada anauliza mlikuwa mnacheka nini. Aliendelea kukunja hadi shuka likaisha. Halafu akasema, nami nilikuwa naandika kama karani:

"Mwambie dada, shemeji alipoenda kuchukua picha aliiona, akakataa kuipokea. Akamwambia mpiga picha: 'Mke wangu amechana nywele nusu ya asubuhi, wewe umemfanya kiti.' Akaona aibu kuipeleka nyumbani. Akakudanganya imeharibika. Akaja kwangu, kwa sababu alikuwa hajui mambo ya wanawake, akaniomba twende tukachague pazia la nyuma lenye maua, na nimwambie ni gauni gani akushonee. Alitaka upigwe picha ukiwa peke yako, umekaa kwenye kiti, siyo kuwa kiti. Tulikuwa tunatoka kupanga. Tulicheka kwa sababu alikuwa akijaribu kuonyesha kwa mikono kiuno chako kilivyo, na mpiga picha akamwuliza kama ameoa mtungi. Ulipotokea tukanyamaza. Ilikuwa siri yako wewe."

Nikamwuliza kwa nini Babu hakukueleza baadaye. Akasema Babu alimtumia salamu mara moja kupitia mtu, kwamba alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza ulitoka nje. Mara ya pili ulimrushia kiatu, na kilimpata.

Sasa kibandiko. Sijui niandike nini. Niambie wewe.

Mjukuu wako


24 Juni

Mjukuu wangu, mke mwenza,

Marahaba. Mama yako mzima. Nimemwonyesha picha mbili zote, nikamweleza kila kitu, kilio na kiatu. Akasema: "Kwa hiyo mimi nilitulia. Mnanisingizia miaka yote hamsini kwamba niliiharibu picha kwa kucheza." Kumbe na yeye alikuwa na lake. Usiku nimemsikia anamwambia paka, "nilitulia mimi."

Kiatu nakikumbuka. Kilikuwa cha kulia.

Nimekaa na mambo haya siku tatu kabla sijamwita fundi. Nimeuonea wivu mkono wangu mwenyewe. Nimeutazama hapa mapajani, una kovu lake, umezeeka, haujui kitu. Usiku kucha nilikuwa nauapiza ukauke, na asubuhi naamka nao nachana nywele. Kama kuna mwanamke mwingine aliyewahi kujifanyia hivyo, mlete na yeye kwenye maonyesho yenu ya ajabu, mumweke karibu na kipa.

Na gauni hilo. Sitaacha kuliwaza. Nimepita mbele ya lile duka miaka mingapi, nikitema mate. Ndani yake kulikuwa na pazia la maua lililochaguliwa kwa ajili yangu. Sina picha yangu hata moja ya ujana. Nilidhani mume wangu hakutaka kunitazama. Siku ya mwisho, pale hospitali, alinishika mkono huu akasema, "Nilitaka," akitafuta pumzi ya kuendelea. Nikamwambia pumzika. Wewe mtu umeoa mwanamke asiyeacha watu wamalize sentensi, utafanyaje?

Andika hivi chini ya picha. Fundi ameyanyoosha lakini maneno ni yangu: "Aliyefunikwa ni mama wa mtoto. Amevaa gauni la samawati na amechana nywele. Ameshika pumzi." Basi. Usiongeze majonzi. Na mjibu huyo mkuu wako kwamba feni iwe inageuka.

Sasa mdogo wangu. Umeona, leo sikumwita yule. Mwambie aje. Mwambie simwiti kwa sababu macho yake yana ukungu, asije akadhani ninamhurumia. Namwita kwa sababu kosa ni langu na mimi siwezi kupanda basi na goti hili. Atanisema, najua. Na aniseme tu, ana ya miaka hamsini na mbili, aje na ya kutosha. Sitatoka chumbani.

Nitasema na hili, usije ukafikiri nimekuwa malaika. Wivu bado ninao. Kwamba alikuona Jumapili zote hizo wakati mimi nakupata kwa bahasha, hilo limenikaa hapa, na akifika nitamwambia. Na kwamba alijua siri ya mume wangu, akaishi nayo, akazeeka nayo, mimi sina, hilo ndilo litachukua muda. Mume wetu alicheka naye kiuno changu. Changu! Na mimi ndiye sikuwepo.

Mlete wewe mwenyewe, na uje na kamera ya kazini. Utatupiga pamoja, makovu mbele, asifunikwe mtu. Mama yako asimame nyuma, atulie kama anavyojisifu. Na ukichapa, uangalie upande.

Shuka lako bado halijakunjuliwa. Liko juu ya kabati, na paka wamekatazwa. Mama alitufundisha kulikunjua kama alivyotufundisha kulikunja, watu wawili, kila mmoja na pembe zake mbili. Mimi nimeshaamua pembe zangu ni zipi. Mwambie awahi.

Bibi yako